Kivuli Kilichobaki Kona ya Huamuchil

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni feni kama inapiga kelele, sogezeni viti, ongezeni sauti. Huyu ni Nabor wenu, mwenye sauti ya mtu aliyemeza mchanga, hapa kwenye redio yetu ya Cuajinicuilapa, pwani ya Mexico. Leo sina matangazo ya mbuzi waliopotea wala ya harusi. Leo tunamkumbuka Mwalimu Delfina Mariche.

Mwalimu Delfina Mariche wa Paso Lagarto. Amefia hospitalini Acapulco na amezikwa kwao. Narudia, maana hilo ndilo jambo lenyewe: amefia mbali, amezikwa kwao. Kati ya huko na kwao kuna barabara, na kwenye barabara hiyo kuna kona ya Huamuchil, ile yenye mti wa miiba na msalaba uliopauka. Mnaijua. Mmepita hapo na magunia yenu mara nyingi tu.

Nusu yenu mnaonisikiliza mlifundishwa kusoma na Mwalimu Delfina. Nusu nyingine aliwagombeza. Mimi nilipata vyote viwili, na sikudhurika. Siku ya mazishi walikuja wakubwa na mashada mapana kuliko milango yetu. Wakahutubia. Wakamwita taa, wakamwita nguzo, wakamwita mama wa haki za watu weusi wa pwani hii. Kisha wakaondoka kabla tamali zetu za unga wa mahindi hazijaiva. Sikatai waliyoyasema. Lakini hakuna hata mmoja aliyemtaja baba yake, na bila baba yake hamtamwelewa Delfina.

Kwa hiyo nilifunga safari hadi Paso Lagarto, jikoni kwa Librada, mdogo wake wa tumbo moja. Librada anauza samaki, na ulimi wake ni mkali kama kisu anachopasulia samaki hao. Alinipa kigoda na bakuli la chilate, kile kinywaji chetu cha kakao na mchele.

"Kaa," akaniambia. "Ila maneno ya mashada uyaache hapo nje."

Basi haya nitakayowaambia ni ya Librada. Mimi ninayabeba tu.

Wasikilizaji wapendwa, walikuwa mabinti wawili. Delfina wa kwanza, Librada wa pili. Baba yao, Don Casimiro Mariche, alikuwa mkata nazi, mtu wa mzaha, asiyejua kununa. Mtoto akivunja kitu, Don Casimiro alikuwa anakiuliza kile kitu kwa nini kimemkosea mtoto wake. Delfina akawa mtu wa kwanza wa Paso Lagarto kwenda chuo cha ualimu. Akarudi na viatu vya kisigino, nywele zimenyooshwa kwa chanuo cha moto, anazungumza kama watu wa mjini, kila neno limepigwa pasi. Librada alikuwa bado binti wa kusukwa mikia miwili. Alimtazama dada yake kama anavyotazamwa mgeni, akaona haya kula kwa mkono mbele yake.

Shule ilikuwa banda la makuti. Hapakuwa na ubao. Delfina aliandika kwa mkaa juu ya mlango, na kila mlango ukifunguliwa hesabu ilitoka nje. Akamwambia baba yake kuwa mwalimu asiye na ubao ni mpiga kelele tu. Don Casimiro akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake akadandia lori la nazi kwenda mjini Ometepec kuomba ubao kwa ajili ya binti yake, na akaupata.

Wakati wa kurudi, kwenye kona ya Huamuchil, lori lilipinduka. Don Casimiro alikufa palepale, kando ya barabara. Ubao ulikuwa juu ya magunia, ukaangukia majani. Haukuwa na hata mkwaruzo. Nasema tena, wasikilizaji: baba alikufa, ubao ukafika mzima.

Watu wazima mnajua kinachofuata, lakini kuna watoto wanasikiliza, na watoto wa siku hizi mambo haya wanayasikia nusunusu. Mtu akifa, mwili tunaubeba. Kivuli kinabaki pale alipoangukia. Siku ya tisa tunakwenda kukiinua. Tunatandika kitambaa cheupe, tunaweka maua na mshumaa, na mtoto wa kwanza wa marehemu anamwita kwa jina. Asiyezaa anaitwa na ndugu yake. Kisha kitambaa kinakunjwa, kinapelekwa kaburini bila kusimama popote. Ukisimama njiani, kivuli kinashuka, na kikishuka utaanza upya. Hiyo ndiyo sheria yetu. Na bila mtoto wa kwanza, baba haitwi.

Siku ya tisa ya Don Casimiro, wanawake walikuwa tayari. Shangazi Engracia, dada wa marehemu, mwombaji wetu wa sala za wafu, alikuwa ameshapiga kitambaa pasi. Farasi walikuwa nje. Delfina akasimama mlangoni na viatu vyake vya kisigino.

"Baba yuko makaburini," akasema. "Pale barabarani hakuna kitu. Mimi ni mwalimu. Siwezi kwenda kuuita upepo mbele ya watoto ninaowafundisha."

Mama yao alikuwa hana nguvu hata ya kuinua uso. Nani angembishia msomi? Shangazi Engracia akakikunja kitambaa, akakirudisha sandukuni. Librada anakumbuka kwamba kilikuwa bado na joto la pasi. Alikuwa na miaka kumi na minne, na siku hiyo alimchukia dada yake. Aliniambia hivyohivyo, bila kuzunguka.

Delfina akafundisha, tena vizuri, kwa ubao uleule. Alikuwa anaufuta mwenyewe kila asubuhi, hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kugusa kifutio. Sisi tulidhani ni ukali wa mwalimu.

Halafu ikatokea ile siku ya basi. Wengi mmeisikia, kwa sababu baadaye aliisimulia kila mahali. Alikuwa anakwenda mji mkuu kwa mambo ya mishahara ya walimu. Basi likasimamishwa, askari wa uhamiaji akapita akichagua nyuso, akamshusha Delfina peke yake. Vitambulisho vyake hakuvitaka. Akamwambia Mexico haina watu weusi, kama yeye ni wa hapa na aimbe wimbo wa taifa. Delfina aliimba pale kando ya barabara, beti zote, hata zile ambazo askari mwenyewe hakuzijua. Abiria walikuwa wanatazama viatu vyao. Aliporudi Paso Lagarto alikaa jikoni kwa mdogo wake, hakuvua hata mtandio.

"Libra," alisema, "wimbo ule nimeufundisha kila Jumatatu ya maisha yangu. Na yule mtu alinitazama kama nimeuiba."

Hapo ndipo Delfina mnayemjua alipozaliwa. Aliacha kunyoosha nywele. Akaanza kuzunguka vijiji kwa miguu, akiwaambia watu waseme wazi kwamba wao ni weusi, waache kujiita wenye rangi ya kahawia na majina mengine ya kujificha. Wengine walimfukuza. Bibi mmoja wa Tapextla alimwambia, "Mweusi ni wewe, mwalimu, mimi nimeungua jua tu." Delfina alicheka, akarudi kwa bibi yule tena na tena mpaka wakawa marafiki. Alikwenda mji mkuu akagombana na wakubwa mezani kwao. Miaka mingi, mikutano mingi. Na mlikuwepo siku karani wa sensa alipobisha hodi, na kwa mara ya kwanza karatasi ikatuuliza kama sisi ni weusi. Mkono wa Delfina ulikuwa mmoja wa mikono iliyoleta swali lile, na kazi hiyo hakuna anayeweza kuibeza.

Sasa sikilizeni. Katika kupigania watu wake, Delfina alianza kuyatetea yale yale aliyoyaonea haya. Ngoma ya mashetani, mashairi ya kuchokozana harusini, na kivuli. Alikwenda vyuo vikuu akaeleza jinsi watu wa pwani wanavyoinua vivuli vya wafu wao, na wasomi wakavua miwani wakafuta macho. Mara moja alikieleza hapahapa, kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Librada alikuwa anapasua samaki na redio iko dirishani. Aliizima kwa mkono wenye magamba. Anasema mpaka leo kitufe kinanuka.

Delfina alipokwenda kumsalimia, Librada alimngoja amalize kunywa chilate yake.

"Kwenye maikrofoni unainua vivuli vya dunia nzima, dada," akamwambia. "Cha baba umekiachia malori."

Delfina aliinuka. Aliosha bakuli lake, akaliosha tena, akaenda zake.

Tangu hapo ikawa ahadi. Mwaka huu, Libra. Mkutano huu ukiisha, Libra. Na mkutano ukiisha ulikuwa unazaa mwingine. Shangazi Engracia, ambaye peke yake alijua sala ya kumwita mtu aliyefia barabarani, alikuwa anazeeka. Delfina alikuwa amewarekodi wazee wa pwani nzima kwa kinasa sauti chake, mpaka wazee wa vijiji vya ng'ambo ya mto, lakini mlango wa shangazi yake mwenyewe aliupita kila siku. Alijua kwamba akiingia, ataulizwa. Engracia akafa na sala yake. Sasa hivi, wasikilizaji wapendwa, hakuna mtu Paso Lagarto anayeijua. Mimi nimeitafuta. Haipo.

Mwaka mmoja, siku ya Watakatifu Wote, walitoka kweli. Kitambaa kilipigwa pasi. Librada alishika maua ya njano mapajani. Tirso, mwanafunzi wa zamani wa Delfina, aliendesha gari lake la kubebea abiria, lile la bluu. Walipokaribia Huamuchil, Librada alianza kufunga mtandio ili ashuke. Delfina, aliyekaa mbele, alimgusa Tirso begani, akamwambia aendelee, aendelee tu, watasimama wakati wa kurudi. Tirso akaendelea. Ometepec Delfina alipokea simu, akasema mji mkuu unamhitaji, akapanda basi. Librada alirudi na maua yamelegea. Karibu mwaka mzima hakumsemesha dada yake. Wakikutana sokoni, mmoja alikuwa anageukia vitunguu.

Mwezi uliopita Delfina alikuwa anarudi kutoka mkutano mwingine, akaanguka kituo cha mabasi Acapulco. Moyo. Wakamlaza. Jioni alimpigia mdogo wake simu. Sauti ilikuwa ndogo, Librada alidhani ni mtoto amekosea namba.

"Libra, nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini, wewe uliyegombana na mawaziri?"

"Kwamba nitatandika kitambaa, nimwite, asije. Mimi ndiye niliyesema hayupo pale. Labda alinisikia."

Librada akamwambia apone kwanza, wataongea Jumapili akifika nyumbani. Akakata simu. Asubuhi, akiwa amefunga kifurushi chake na amesimama barabarani akingoja gari la Acapulco, ndipo habari zilipomfikia.

Aliponisimulia hapo aliacha kupasua samaki. Alifuta kisu, akakiweka chini.

"Baba hakuwa mtu wa kinyongo," akasema. "Mimi nilikuwa nalijua hilo. Neno moja tu, Nabor. Lilikuwa hapa mdomoni, nikalibana. Nilitaka ateseke kidogo. Kidogo tu, mpaka Jumapili."

Mimi ni mtu wa kuongea, ndiyo kazi yangu. Siku hiyo nilimjazia bakuli la chilate, nikampa.

Mwili uliletwa, akazikwa kando ya baba yake. Siku ya tisa Librada alichukua kitambaa kilekile cha Engracia, akapanda gari la Tirso, wakaenda Acapulco kuinua kivuli cha Delfina. Mlinzi wa hospitali alikataa maua. Librada akamuuliza kama mama yake aliyemzaa alizikwa bila maua, na mlinzi akagundua kwamba ana shughuli upande wa pili wa geti. Wodini, kitanda cha Delfina kilikuwa na mgonjwa mwingine, bibi mmoja wa milimani aliyevunjika nyonga. Librada aliona haya, hakujua aanzie wapi. Bibi akakitazama kitambaa.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nimekuwa nalala pembeni. Nilijua kitanda hiki kina mwenyewe."

Akamwachia nafasi. Librada akatandika kitambaa juu ya kitanda, akamwita dada yake kwa jina, kwa sauti ya chini, kwa sababu wagonjwa walikuwa wamelala mchana. Akakunja, yeye ncha mbili, bibi ncha mbili. Librada na Tirso wakatoka, wakashika barabara. Hakuna kuongea, hakuna kusimama. Sheria ni sheria.

Walipoikaribia Huamuchil jua lilikuwa bado juu. Librada alimwambia Tirso asimame.

Tirso alidhani hakusikia vizuri. "Bi Librada, tukisimama atashuka."

"Ndiyo maana nakuambia simama."

Wasikilizaji wapendwa, fikirini alichokuwa anakiweka rehani. Dada yake alikuwa mapajani mwake, safari ilikuwa imebaki kidogo. Akisimama, angeweza kumwacha Delfina palepale alipoachwa baba yao, na badala ya kivuli kimoja barabarani viwe viwili. Sala ya Engracia haikuwepo. Tirso alimkumbusha kwamba sasa yeye ndiye mkubwa, anaweza kumwita baba yeye mwenyewe wakati mwingine, siku nyingine. Librada akamwambia mtoto wa kwanza habadiliki kwa kufa. Tirso akavuta breki, akaacha injini inanguruma, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

Librada alishuka. Akatandika kitambaa kwenye vumbi, chini ya ule mti wa miiba. Hakuwa na sala, alikuwa na maneno ya jikoni tu.

"Haya, dada, shuka," akasema. "Mimi si wa kwanza, siwezi kumwita. Mwite wewe. Na usiogope. Baba hakuwa mtu wa kinyongo."

Malori yalipita. Yale malori ya Huamuchil mnayajua, yakipita unashika kofia. Vumbi lilipanda mpaka Tirso hakuona mti. Alingoja. Lilipotulia, Librada alikuwa anarudi na kitambaa kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Kitambaa kile ni kikubwa cha kutosha kitanda. Mtu mmoja hawezi kukikunja kwenye upepo bila kukiburuta chini. Tirso anaapa kwamba hakushuka garini.

Makaburini Librada alikifungua juu ya makaburi yote mawili, la zamani na jipya. Watu walikuwepo, waulizeni. Kilikuwa cheupe vilevile kilivyotoka sandukuni. Hakikuwa na hata chembe ya vumbi. Na ubao, kama nilivyosema mwanzo, ulifika bila mkwaruzo.

Mimi siwaambii mwamini nini. Naona uchungu tu kwamba watu wawili waliopendana walihitaji kifo ili wasimame pamoja kwenye kona moja. Mwalimu Delfina alitufundisha kusoma, akatufundisha kujitaja, na taifa zima likasikia. Barabara ya kwenda kwa baba yake ilikuwa mwendo wa asubuhi moja, na hakuimaliza akiwa hai. Hilo linaniuma, na nadhani lilimuuma yeye kuliko mtu yeyote.

Kwa niaba ya redio hii, tunampa pole Librada Mariche, tunawapa pole watu wote wa Paso Lagarto, na kila aliyewahi kusimama mbele ya ubao ule. Bado uko ukutani, na kifutio kiko chini yake. Mungu awapumzishe Delfina na Casimiro.

Na wewe unayenisikiliza, uliyeshika kisu au usukani au mtoto. Kama kuna mtu umemwacha mahali, kama kuna neno umelibana mpaka Jumapili, zima redio. Mimi sitakasirika. Nenda ukalitoe sasa hivi.

Nilipoaga, nilimuuliza Librada nimtaje vipi dada yake hapa hewani. Aliokota kisu chake, akarudi kwa samaki wake.

"Usimpambe," akaniambia. "Sema alichelewa. Lakini useme pia kwamba alishuka."